Ampuli tano za LED: nani atakula faida?

Mwezi uliopita, mu mazungumzo yetu na mwajiri mmoja wa hapa Likasi (jina lake tunaliacha), upande wao ulileta karatasi moja ndogo. Sisi wa sendika tulikuwa tumeomba pesa ya nyumba iongezwe, kwa sababu ndani ya ile pesa njo kila mfanyakazi anatoa ya kulipa moto. Moto, huku kwetu, njo umeme. Wasomaji wa pwani watusamehe. Wakajibu: pesa haiko, lakini kampuni iko tayari kumpa kila mfanyakazi ampuli tano za LED. Mutapunguza matumizi, wakasema, na mutu akipunguza matumizi ni sawa ameongezewa mshahara.

Hatukukataa pale pale, na hatukukubali. Tuliomba siku chache za kupiga hesabu, kisha tukaita wafanyakazi na familia zao Kikula ili tuwaeleze. Mama mmoja, bwana yake anafanya ku elektrolizi, akasimama:

"Ba sendika, miye nalipa forfe. Niwashe ampuli mbili, niwashe kumi, faktire inakuya ile ile. Sasa ile moto nitabakisha, nani ataikula?"

Watu walicheka, lakini swali lilikuwa lile. Twende ku hesabu.

Ampuli ya zamani, ile ya waya, inakula wati 60. LED ya mwangaza ule ule inakula wati 8 ao 9. Ile ya waya sehemu kubwa ya umeme wake inageuka joto tu, ndiyo maana ukiigusa inakuunguza, na kuna wenye kufuga kuku wanaoitumia kwa kupasha vifaranga joto. Chukua nyumba yenye ampuli tano, zinawaka masaa tano kila usiku, siku ambazo moto iko. Kwa ampuli za waya ni kilowati-saa moja na nusu kwa usiku, karibu 550 kwa mwaka. Kwa LED za wati 9 ni kama 82 kwa mwaka. Nyumba moja inabakisha kilowati-saa 465 hivi.

Kama nyumba iko na kompteri, hiyo ni pesa. Bila kompteri ni zero. Na mitaani mwetu wengi bado wanalipa forfe: bei moja kwa mwezi, moto ikae wiki nzima ao ikatike. Forfe inafundisha tabia mbaya. Pita saa sita ya mchana, utaona ampuli zinawaka nje ya nyumba mbele ya jua. Sisi wenyewe, ku biro ya sendika, ile ya mulango haizimwe.

Sasa upande wa pili. Kupata tani moja ya shaba kwa elektrolizi kunaomba takriban kilowati-saa 2,000. Nyumba nne zikibadilisha ampuli tano tano, kwa mwaka zinabakisha 1,860. Yaani nyumba nne na kidogo ni tani moja ya shaba. Tani hiyo, ku soko ya London, miaka hii inapita dolari 8,000. Tulipoandika ile hesabu ku tablo, mule mu sale kulikuwa kimya.

Tuseme ukweli: umeme wa Kikula hautoki kwa mguu usiku kwenda kuingia mu mabafu ya shaba. Lakini rezo ni moja, na toka mwanzo ilijengwa kwa ajili ya shaba. Mwadingusha, ku mto Lufira, ilianza kazi mwaka 1930 kwa mahitaji ya Union Minière. Koni, Nzilo na Nseke zikafuata kabla ya uhuru. Kisha, mu miaka ya 1980, ikaja laini ya Inga mpaka Kolwezi, kilometa karibu 1,700, ikipita juu ya vijiji visivyo na hata ampuli moja. Mwadingusha ilipotengenezwa upya, kazi ikaisha mwaka 2021 kwa megawati 78, feza zilitolewa na mgodi wa Kamoa-Kakula kama mkopo kwa SNEL, na mkopo unalipwa kwa umeme. Ukikopesha mutu mbegu, siku ya mavuno wewe njo wa kwanza ku mulango.

Na migodi iko na njaa. Wengine wananunua umeme toka Zambia, na mwaka 2024 ukame ulishusha maji ya Kariba mpaka Wazambia wenyewe wakalala gizani. Anayekosa umeme anawasha jenereta ya mazutu, na hiyo ni gali sana. Kwa hiyo kila kilowati inayobaki mu rezo iko na anayeingojea.

Uganda walipitia hapo mbele yetu. Maji ya ziwa Victoria yalipungua, turbini za Jinja zikashindwa, serikali ikakodi jenereta za mazutu. Mwaka 2007 ikagawa ampuli 800,000 za kupunguza umeme, kwa mkopo wa Banki ya Dunia, na mzigo wa jioni ukashuka karibu megawati 30. Watu walipewa bila kulipa, kwa sababu serikali ilijua nani anapata faida kubwa: ni yeye mwenye kununua mazutu. Banki ile ile, kwetu, mwaka 2003 ilitoa feza ili wafanyakazi 10,655 wa Gécamines watoke kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa mapenzi. Wazee wetu walikuwa ndani ya hesabu hiyo. Walikuwa wamezoea kampuni njo baba, kampuni njo mama: nyumba ya kampuni, unga wa kampuni, na moto bila faktire. Hatutaki kurudisha ile dunia. Lakini mutu wa kizazi chetu akisikia mwajiri anampa ampuli, lazima aulize kwanza anaondoa nini.

Pamoja na hayo, ampuli ni nzuri, na sababu yake kubwa haikuandikwa mu karatasi ya mwajiri. Ni kabine. Kabine ya mtaa mmoja wetu iliungua jioni moja, saa ya kupika. Kila nyumba ikakotiza, na watu wakakaa gizani majuma mengi. Nyumba 100 zenye ampuli tano za wati 60 zinavuta kilowati 30. Kwa LED ni 4 na nusu. Nafasi inayobaki mu kabine haiendi Kolwezi, inabaki ku avenue yetu. Kabine njo mulango mwembamba, na ampuli za zamani ziko kati ya wanaoukanyagana.

Adui mkubwa, kusema kweli, si ampuli. Ni resho. Resho moja ya wati 1,500 ni sawa na ampuli 25 za waya. Mama akirudi ku soko na kuona bei ya mufuko wa makala, anawasha resho, kwa sababu kwa forfe resho ni ya bure. Hapa njo tunagawanyika sisi wenyewe. Wenzetu wengine wanasema: tuombe kompteri, bila kompteri ampuli hailipi mutu. Wengine wanajibu: kompteri ikiingia mu nyumba, resho itakuwa gali, mama atarudia makala, na miti ya kuchoma makala inazidi kuwa mbali na muji kila mwaka. Wote wawili wako na haki. Mama wa Kikula alipoulizwa anataka kompteri ao hataki, alisema: "Mushahara ikipanda, muilete hata kesho."

Kuna pia mambo ya ampuli zenyewe. Zile za bei ya chini zinazojaa ku soko zinakufa kwa miezi miwili, umeme ukipanda na kushuka. Mwajiri akitoa za namna ile, atakuwa ametoa picha ya kupiga na gazeti, si ampuli. Na zile za kujipinda, zenye merkiri ndani, hatuzitaki hata bure: inchi zenye kusaini mapatano ya Minamata zilikubaliana kwamba mwisho wa kuzitengeneza, kuziingiza mu inchi na kuzitoa inje ni mwaka 2025, na tunaogopa masalio yatatafuta mahali pa kutupwa.

Mazungumzo yanarudi Jumanne. Mu barua yetu tumeandika kwamba ampuli tutazichukua, ziwe na garanti ya mwaka mmoja, na ile inayokufa ibadilishwe. Tumeandika pia kwamba pesa ya nyumba ni jambo ingine: sheria ya kazi ya 2002 inamtaka mwajiri atoe nyumba ao pesa yake, haisemi ampuli. Juu ya kompteri hatujaandika kitu. Upande wetu bado tunabishana.