Kimondo cha Mirihi Kiling'oka Shimo Gani?

Ng'ambo ya Ziwa Mweru, upande wa Kongo, yapata kilomita 120 kusini-magharibi mwa Nchelenge, liko shimo la Luizi juu ya uwanda wa Kundelungu. Kipenyo chake ni kilomita 17. Mwaka 2011 timu ya Ludovic Ferrière ilithibitisha kwamba lilichimbwa na jiwe lililotoka angani. Walikuta miamba iliyopasuka kwa michirizi yenye umbo la koni, pamoja na chembe za kwatzi zenye alama za shinikizo ambalo volkano haiwezi kulitoa.

Nawaelekeza wasomaji wa Mweru huko kwa sababu mashimo ya ukubwa unaokaribiana na huo, yakichimbwa kwenye Mirihi, ndiyo yanayodhaniwa kuturushia vimondo. Kutoroka dunia yetu jiwe linahitaji mwendo wa kilomita 11.2 kwa sekunde; Mirihi linahitaji kilomita 5 tu, na hewa ya kulizuia ni nyembamba mno. Mwamba wa juu, kando kidogo ya pale palipogongwa, hurushwa kabla haujasagwa.

Kwamba mawe hayo ni ya Mirihi hatubahatishi. Mwaka 1983 gesi iliyonaswa ndani ya kimondo kilichookotwa Antaktika ilionekana kufanana na hewa iliyopimwa na vyombo vya Viking vilivyotua Mirihi mwaka 1976. Kazi ngumu ni kulitaja shimo lenyewe.

Hapo twende Oman, kwenye jangwa la Sayh al Uhaymir, kulikookotwa vimondo vya Mirihi tangu mwaka 1999. Jiwe likiwa angani hupigwa na miale ya kosmiki, na miale hiyo huzalisha ndani yake aina adimu za heliamu na neoni. Ukizipima, unajua limesafiri muda gani. Vimondo vya Sayh al Uhaymir vimo katika kundi lililoondoka Mirihi pamoja, takriban miaka milioni 1.1 iliyopita. Ajabu ni kwamba mawe ya kundi hilo hayakuganda kutoka lava wakati mmoja: mengine yana miaka kama milioni 330, mengine bilioni 2.4. Basi shimo linalotafutwa lazima liwe changa, na liwe limekata ardhi ya volkano iliyomwaga lava kwa zaidi ya miaka bilioni mbili.

Mwaka 2021 Anthony Lagain na wenzake wa Chuo Kikuu cha Curtin, Australia, walitumia programu ya kompyuta kuhesabu mashimo madogo yapatayo milioni 90 kwenye picha za Mirihi. Vifusi vinavyorushwa na mgongano mkubwa huchimba vishimo pembeni, ambavyo upepo huvifuta polepole. Vikiwa bado vingi, shimo mama ni changa. Jibu lao likawa Tooting, shimo la kilomita 28 hivi katika eneo la volkano la Tharsis.

Naliona jibu hilo kuwa na nguvu kuliko yaliyolitangulia, lakini bado ni hoja ya mbali. Umri wa mashimo ya Mirihi unakadiriwa kwa kipimo kilichotokana na mawe ya Mwezini, na hakuna aliyekwisha kuleta duniani jiwe lililochukuliwa Tooting.

Luizi, kinyume chake, linafikika. Walimu wa jiolojia wa Lusaka na Lubumbashi, wapelekeni wanafunzi wenu wakaiguse miamba hiyo yenye michirizi kabla ya kuwafundisha kusoma picha za Mirihi.