Feldispa: Biashara Inayoanzia Maabara

Zaidi ya nusu ya gamba la dunia ni feldispa, jamii ya madini yenye alumini, silikoni na oksijeni, pamoja na potasiamu, sodiamu au kalsiamu. Kitu kilichoenea kiasi hicho hakiwezi kuwa ghali. Nchini Marekani tani moja iliyokwisha kuchakatwa huuzwa kwa takriban dola 100, fedha ambazo mchimbaji wa dhahabu asingezihangaikia. Lakini kiwanda cha vigae, cha masinki ya choo au cha chupa hakiwezi kuikwepa, na hapo ndipo watunga sera wetu wanapoisoma biashara hii vibaya. Wanahesabu vilima na leseni, ilhali mnunuzi analipia uhakika: kwamba mzigo wa mwezi ujao utayeyuka kama wa mwezi huu. Uhakika huo hutoka kwenye utafiti, na ndiyo maana naamini Afrika Mashariki ingetangulia kujenga maabara ndipo ilete makatapila.

Sababu inaonekana ndani ya tanuri. Kigae hutengenezwa kwa udongo, mchanga wa kwatzi na feldispa. Kwatzi safi huhitaji zaidi ya nyuzi 1,700 za Selsiasi kuyeyuka, joto ambalo lingemfilisi mwenye kiwanda kwa gharama ya gesi. Feldispa huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 1,100 na kitu, ikajipenyeza katikati ya chembe za wenzake na kuziba vitundu. Ikipoa inakuwa kioo kinachozishika pamoja. Kwa njia hiyo kigae cha kaure hunyonya maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake. Feldispa ya sodiamu huyeyuka mapema na kutiririka kwa wepesi, kwa hiyo watengenezaji wa vigae huipenda. Ile ya potasiamu huwa nzito inapoyeyuka, chombo kikabaki na umbo lake, na kwa sababu hiyo hutafutwa kwa sahani na kwa vikombe vya kuzuia umeme kwenye nguzo. Chuma kikizidi kidogo tu, kigae kilichotakiwa kiwe cheupe hutoka na rangi ya krimu au madoa meusi. Jicho la machimboni halioni tofauti hizi. Mtu akivunja jiwe kwa nyundo, feldispa itapasuka kwa nyuso bapa zinazong'aa, kwatzi itameguka ovyo, mika itabanduka tabaka kwa tabaka. Zaidi ya hapo atakuwa anabahatisha.

Uganda imetupa mfano ambao haujasomwa vya kutosha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walichukua udongo mweupe wa kaolini na feldispa ya Mutaka, udongo wa Mukono na mchanga wa ufuo wa Lido ulio kando ya Ziwa Victoria, wakapima uwiano mbalimbali na kuoka sampuli kwenye joto la karibu nyuzi 1,250. Walionyesha kwamba malighafi ya nyumbani inaweza kutoa kaure ya kuzuia umeme. Kazi ya namna hiyo ina thamani kubwa kwa mwekezaji, kwa sababu humpunguzia hatari kabla hajatoa senti.

Wapo watakaosema kwamba jiwe la dola 100 halistahili gharama yote hiyo. Mimi naona bei ndogo ndiyo inayotupa nafasi. Mzigo wa bei ya chini huliwa na nauli, na aliye karibu na kiwanda humshinda aliye mbali hata kama jiwe la wa mbali ni zuri zaidi. Tangu katikati ya miaka ya 2010 viwanda vikubwa vya vigae vimejengwa Kajiado nchini Kenya, na Chalinze na Mkuranga mkoani Pwani, Tanzania. Soko limetufuata mlangoni.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba miamba yetu huenda ina uchafu mwingi kuliko ya wauzaji wakubwa. Jibu liko Uturuki. Feldispa ya sodiamu ya Çine na Milas, inayopakiwa melini katika bandari ya Güllük kwenda Italia na Hispania, nyingi yake huja na mika pamoja na madini ya titani na chuma. Watafiti wa huko, wakiwemo wa Istanbul, walihangaika miaka mingi na mbinu ya povu: jiwe husagwa, hutiwa majini pamoja na kemikali, hewa hupulizwa, na uchafu hupanda na mapovu ukaenguliwa. Maabara iligeuza jiwe la daraja la chini kuwa bidhaa ya kuuzwa nje, na Uturuki leo ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani.

Inasemwa pia kwamba viwanda vina wapimaji wao. Ni kweli, lakini majibu hubaki kwenye makabati yao, na mchimbaji mdogo anayefika getini na lori lake bila karatasi yoyote hutajiwa bei, hajadiliani. Tanzania ina maabara ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma, na huo ni mwanzo mzuri. Hata hivyo kipimo cha kemia peke yake hakitoshi. Unga wa feldispa unatakiwa ukandwe kuwa kidonge, uchomwe, kisha kitazamwe kimetandaa kiasi gani na kimebaki na weupe gani. Kwa hilo inatosha tanuri dogo, kinu na fundi aliyefunzwa, na barakoa pia, kwa kuwa vumbi la kwatzi huharibu mapafu bila kurudi nyuma. Milima ya Uluguru ilichimbwa mika tangu enzi ya Wajerumani, na mika ya namna hiyo hukaa katika mwamba mmoja na feldispa. Kupima mawe yaliyoachwa kwenye machimbo hayo ya kale, na kuyatangaza majibu yake kwa wachimbaji na viwanda kwa pamoja, ni kazi inayoweza kuanza katika mwaka mmoja wa bajeti.