NYOTA IKIZEEKA, SAYARI ZAKE ZINAPATA NINI?



Usiku mmoja kwa etide, mdogo wetu mmoja wa kwanza alituuliza: «Yaya, nyota nazo zinazeekaka?» Wengi walicheka. Lakini sisi wa sita tulikosa cha kumjibu, na kucheka si jibu. Basi tulitafuta, na haya ndiyo tuliyopata.

Ndiyo, nyota inazeeka. Ikimaliza haidrojeni ya katikati yake, inaanza kuvimba, kisha inakuwa nyekundu. Je, sayari zilizo karibu nayo?

Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz wa Geneva walitangaza sayari kubwa, ya namna ya Mshtarii, inayozunguka nyota 51 Pegasi kwa siku 4 tu. Mshtarii yetu inatumia karibu miaka 12 kuzunguka jua! Tangu hapo wataalamu wanazihesabu sayari kama hiyo.

Wanahesabu namna gani? Angalieni taa ya petroli: mdudu akipita mbele, mwangaza unapunguka kidogo. Satelaiti TESS, iliyorushwa na Marekani mwaka 2018, inapima nyota vile vile. Lakini tuangalie vizuri hapa. Mshtarii ikipita mbele ya jua inaficha karibu sehemu 1 kwa 100 ya mwangaza. Nyota ikiwa pana mara 5 kuliko jua, inaficha 1 kwa 2.500 tu. Kwa hiyo kutoiona sayari si kusema haiko. Lazima kwanza kukadiria zile zinazotuponyoka.

Mwaka 2025 Edward Bryant na Vincent Van Eylen walitoa hesabu ya namna hiyo kwa nyota karibu nusu milioni. Kwa nyota 10.000 zilizoanza tu kuzeeka, 35 hivi zina sayari kubwa ya karibu. Kwa 10.000 zilizokwisha kuvimba sana, ni 11 tu. Zingine zilikwenda wapi?

Inaonekana zilimezwa. Sayari inainua uvimbe juu ya nyota, kama mwezi unavyoinua maji ya bahari. Nyota mzee inajizungusha polepole, sayari inakimbia. Ule uvimbe unabaki nyuma na kuivuta sayari kinyume. Kidogo kidogo sayari inasogea mpaka inaanguka ndani. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba Kepler-1658 b, inayozunguka nyota yake kwa siku karibu 4, inafupisha mzunguko huo kila mwaka, ijapo ni kwa sehemu ndogo tu ya sekunde.

Na jua letu? Litavimba baada ya miaka miliari 5 hivi. Utaridi na Zuhura zitamezwa; juu ya dunia, wataalamu wangali wanabishana. Mdogo wetu asiogope: wakati wa kumaliza etide yake upo. Aendelee kuuliza, na sisi wakubwa tuache kucheka.