Kabla ya kupanda ndengu Ishiara, uliza bahari

Umewahi kusimama shambani Ishiara mwezi wa Septemba, vumbi tupu, ukajiuliza kama mbegu za mwaka huu zitaota au zitachomwa na jua? Mara nyingi jibu huwa limeanza kujitokeza miezi kadhaa mapema, mbali sana na Mbeere: baharini.

Iko hivi. Kuanzia Juni hadi Agosti, Bahari Hindi huanza kuonyesha dalili. Maji ya upande wetu wa Afrika yakipata joto kuliko kawaida, na yale ya karibu na Sumatra kule Indonesia yakipoa, hewa hupanda kwa wingi upande huu na pepo huleta unyevu nchi kavu. Mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, huongezeka. Joto likihamia Indonesia, mambo hugeuka: hewa hupanda huko na kushuka huku ikiwa kavu. Hewa inayoshuka huzuia mawingu kukua, na wewe unabaki ukitazama juu.

Si hadithi. Mwishoni mwa 2019, tofauti ya joto kati ya pande hizo mbili ilikuwa miongoni mwa kubwa zaidi kuwahi kurekodiwa, na mafuriko yakakumba sehemu nyingi za Kenya. Halafu La Niña ya Bahari ya Pasifiki ikaingia. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, maeneo mengi kame yalikosa mvua ya kutosha misimu mitano mfululizo.

Hili linakuhusu kwa sababu Mbeere hutegemea vuli kuliko masika. Vuli ikifeli, karo ya Januari inatoka wapi?

Kwa hivyo, kila mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba, tafuta utabiri wa msimu wa Idara ya Hali ya Hewa. Usisome kiasi cha mvua pekee. Angalia pia itaanza na kuisha lini. Ikitabiriwa haba, tanguliza ndengu, kunde na mtama, mahindi yapewe kipande kidogo. Ikitabiriwa nyingi, chimba mitaro mapema na uandae mahali pakavu pa kuanikia ndengu, maana mvua ya wakati wa kuvuna huziozesha.

Utabiri si ahadi, ni uwezekano. Shosho bado atatazama miti na upepo, na umsikilize. Lakini usipande kwa mazoea tu, ilhali bahari ilishatoa dalili tangu Julai.