Piga picha tangazo hilo kabla halijapakwa rangi

Leo ukishuka matatu Changamwe, usikimbilie nyumbani. Inua macho kidogo. Tazama kuta za maduka kuelekea Magongo na Chaani, zile ambazo rangi imebabuka kwa jua na chumvi ya bahari. Huenda tangazo la zamani linachungulia chini ya jipya. Umepita hapo mara ngapi bila kuliona?

Kuta hizo zina habari. Chukua kampuni moja tu ya simu. Mwaka 2000 iliingia sokoni kwa jina Kencell. 2004 ikawa Celtel, 2008 ikawa Zain, na 2010 ikageuka Airtel. Majina manne ndani ya miaka kumi! Kila jina lilipobadilika, kuna fundi aliyepanda ngazi akapaka upya. Kwa hivyo ukikuta "Celtel" bado inasomeka, umeshajua ukuta ulipakwa enzi gani, wakati M-Pesa, iliyoanza 2007, bado haijazaliwa au ni changa.

Usidhani ni mchezo. Mmarekani Walker Evans alipiga picha mabango ya barabarani miaka ya 1930, mabango ya kawaida tu kama haya yetu. Leo picha hizo zinatunzwa kwenye makumbusho.

Hapa kwetu barabara ikipanuliwa, kibanda huondoka na tangazo lake, na hakuna anayeuliza.

Simu yako inatosha. Nenda saa moja au saa mbili asubuhi. Jua la ubavuni huonyesha kila ufa na kila tabaka la rangi. Simama mkabala na ukuta. Piga picha mbili: moja ya tangazo peke yake, nyingine ukiwa umerudi nyuma hadi duka zima na barabara vionekane. Filta weka kando, kwani rangi iliyofifia ndiyo habari yenyewe. Na chunga, bandari, uwanja wa ndege na matangi ya mafuta havitaki kamera.

Lakini kwanza msalimie mwenye duka, uombe ruhusa. Kisha muulize: nani alichora hili? Mafundi wengi hawakuweka sahihi. Jina hilo liandike pamoja na mtaa na tarehe, siku hiyo hiyo. Ukuta ukishapakwa upya, utakuwa umebaki nalo wewe.