Maharage na Vitoweo vya Moshi katika Njia ya Misafara

Nchini Serbia, kusini-mashariki mwa Ulaya, kuna chakula kiitwacho pasulj, yaani maharage yanayochemshwa polepole pamoja na mbavu za nguruwe zilizokaushwa kwa moshi, kisha yakaungwa kwa unga wa ngano uliokaangwa katika mafuta pamoja na pilipili nyekundu ya kusaga. Mpishi wa Tabora, mji wenye Waislamu wengi ambamo nguruwe si kitoweo cha kila nyumba, anaweza kupika chakula cha jinsi hiyo bila kuagiza kitu ng'ambo, kwa kuwa mahitaji yake yote hupatikana kandokando ya njia iliyotumiwa na misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kupitia Unyanyembe, eneo la Tabora yenyewe, hadi Ujiji.

Katika njia hiyo, ambayo wapagazi wake wengi walikuwa Wanyamwezi, chakula kisichoharibika upesi kilikuwa na thamani kubwa, na kukausha nyama au samaki juu ya uchaga, yaani kitanda cha miti kinachotandazwa juu ya moto mdogo, lilikuwa jawabu lililo karibu katika nchi iliyojaa kuni za miombo. Joto hupunguza maji ambayo vijidudu vya uozo huyahitaji ili viongezeke, na moshi huacha juu ya nyama kemikali zinazovizuia, ndizo hizohizo zinazokipa kitoweo harufu yake. Hadi leo kambale wa mabwawa ya mto Malagarasi na migebuka wa Ziwa Tanganyika huhifadhiwa kwa namna hiyo.

Maharage yenyewe ni mgeni aliyezoeleka mno hata ugeni wake ukasahauliwa, kwani asili yake ni Amerika, na kabla hayajafika vyungu vya eneo hili vilijua kunde na njugumawe. Siku hizi Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, hulima maharage kwa wingi, na reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, imefuata kwa sehemu kubwa mwelekeo uleule wa misafara.

Maharage makavu hulowekwa usiku kucha, maji yake yakamwagwa, kisha yakachemshwa katika maji mapya kwa moto mkali kwa muda usiopungua dakika 10, kwa sababu maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayoleta kutapika na kuharisha, nayo haiondoki kwa moto hafifu. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzijoto 96 badala ya 100, hivyo mpishi aliyezoea jiko la pwani asishangae yakichelewa kuiva. Magadi huyalainisha upesi, lakini hupunguza vitamini na, yakizidi, huacha ladha ya sabuni; subira na mkaa wa kutosha ni bora zaidi. Nyanya na ukwaju husubiri hadi maharage yalainike, kwa kuwa uchachu huyafanya yabaki magumu.

Hapa ndipo chungu cha Tabora kinapoachana na cha Serbia. Mbavu zenye mifupa, au nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa moshi, ni ngumu, hivyo huingia mapema na kuiva pamoja na maharage, ilhali samaki akitiwa mapema husambaratika na kujaza miiba ndani ya mchuzi. Huoshwa kwa maji ya moto, akachambuliwa, akatiwa maharage yakishaiva. Badala ya unga wa ngano, karanga zilizosagwa, zao linalostawi vizuri katika udongo wa kichanga wa Unyamwezi, huuzidishia mchuzi uzito, mradi mwiko usitulie, kwa maana karanga hushika chini na kuungua haraka.

Chumvi hutiwa mwisho, baada ya kuonja, kwa sababu huenda samaki alitiwa chumvi kabla ya kukaushwa. Hiyo nayo ni bidhaa ya njia hiyohiyo: chemchemi za Uvinza, karibu na Malagarasi, zimetoa chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, na misafara iliyopita hapo iliikuta biashara hiyo ikiwa imekwisha kukomaa.