Majuma mawili tu: kwa nini kalenda ya mbio za farasi Marekani inaleta ubishi

Siku ya posho, tarehe 3 mwezi wa tano 2025, mvua ilikuwa imenyesha Louisville, mji wa jimbo la Kentucky, Marekani. Njia ya mbio ilikuwa matope matupu. Farasi mmoja, jina lake Sovereignty, alimpita Journalism, farasi ambaye watu walikuwa wanampa nafasi kubwa kupita wengine wote, akashinda Kentucky Derby. Mashabiki wakaanza kuhesabu: yamebaki mashindano mawili, akiyashinda atakuwa na Mataji Matatu.

Nyuma ya siku tatu, habari ikatoka: Sovereignty hataenda kwenye mashindano ya pili. Hakuwa mgonjwa, hakuumia mguu. Kocha wake, Bill Mott, pamoja na wenye kummiliki, waliangalia kalenda wakaona majuma mawili hayatoshi farasi apumzike vizuri.

Kwa mtu anayefuata kandanda tu, uamuzi kama huo ni wa kushangaza. Ni sawa na timu kushinda mchezo wa kwanza wa fainali, kisha ikatae kuja kwenye mchezo wa pili. Lakini watu wengi wa kazi ya farasi walimuelewa kocha. Na papo hapo ubishi wa zamani ukawaka tena: kalenda ibadilishwe, ao ibaki vile ilivyo?

Mashindano matatu ndani ya majuma matano

Mataji Matatu ya Marekani ni mashindano matatu ya farasi wa miaka mitatu. Ni kusema, farasi anapata nafasi hiyo mwaka mmoja tu katika maisha yake. Akikosa, imekwisha.

Ya kwanza ni Kentucky Derby, inayofanyika tangu 1875, siku ya posho ya kwanza ya mwezi wa tano. Farasi wanakimbia karibu metre 2,000. Ya pili ni Preakness, ya mji wa Baltimore, nyuma ya majuma mawili. Hiyo ni fupi kidogo, karibu metre 1,900. Ya tatu ni Belmont, ya New York, majuma matatu nyuma ya Preakness. Kwa kawaida Belmont ni ndefu kupita zote, karibu metre 2,400, na ndiyo inayovunja wengi.

Tangu 1919 mpaka sasa ni farasi 13 tu walioshinda yote matatu. Nyuma ya Affirmed, aliyeshinda 1978, Wamarekani walingoja miaka 37 mpaka American Pharoah alipofaulu 2015. Justify akafuata 2018.

Kitu kinachoyafanya mashindano haya kuwa magumu si urefu wa njia peke yake. Ni kalenda. Farasi anasafiri miji mitatu, anakimbia kwa nguvu zake zote mara tatu, ndani ya majuma matano.

Mwili wa farasi na pesa za mwenyewe

Farasi wa mbio ana uzito wa karibu kilo 500, na miguu yake ni myembamba. Anapokimbia karibu kilometre 60 kwa saa, uzito huo wote unapiga juu ya mifupa hiyo. Nyuma ya mbio ngumu, nguvu zilizowekwa ndani ya misuli zinahitaji siku mbili ao tatu ili zirudi. Mifupa iliyopata vidonda vidogo visivyoonekana inahitaji muda mrefu zaidi. Farasi akirudishwa mbioni mbele ya kupona, kidonda kidogo kinaweza kuwa mguu uliovunjika.

Zamani makocha walikuwa wanakimbiza farasi mara nyingi. Mwaka 1960, farasi wa mbio wa Marekani alikuwa anakimbia, kwa wastani, zaidi ya mara 11 kwa mwaka. Siku hizi ni karibu mara 6. Kocha wa leo anapenda kumpa farasi wake mkubwa mwezi mzima ao zaidi kati ya mbio moja na nyingine. Majuma mawili ya Preakness ni kama sheria ya wakati wa mababu inayolazimisha watu wa leo.

Tena kuna pesa. Farasi dume aliyeshinda mashindano makubwa anauza mbegu yake. American Pharoah alipoacha mbio, wenye farasi jike waliombwa dola 200,000 kwa kila mimba. Farasi wa namna hiyo akivunjika mguu Baltimore, mwenye kumiliki anapoteza mali ya miaka mingi. Ndiyo maana wengine wanahesabu hatari mbele ya kuhesabu heshima.

Na watu wa nje wanaangalia. Mwaka 2023, farasi 12 walikufa kwenye kiwanja cha Churchill Downs, kule kunakofanyika Derby, ndani ya majuma machache tu. Kiwanja kililazimika kuhamisha mbio zake kwa muda. Tangu hapo, neno lolote juu ya mapumziko ya farasi linasikiwa kwa sikio lingine.

Kalenda haikutoka mbinguni

Wanaokataa mabadiliko wanasema desturi isiguswe. Lakini historia inaonyesha kama desturi hiyo imeguswa mara nyingi.

Sir Barton, farasi wa kwanza kushinda yote matatu, mwaka 1919, alikimbia Preakness siku nne tu nyuma ya Derby. Mwaka 1917 na 1922, Derby na Preakness zilifanyika siku moja, kwa hiyo hakuna farasi aliyeweza kuzishinda zote mbili. Mara 11 Preakness ilikuja mbele ya Derby. Mara ya mwisho ilikuwa 1931. Gallant Fox, aliyepata Mataji Matatu 1930, alishinda Preakness kwanza, Derby ikafuata. Na 1945, kwa sababu ya vita, Derby ilisogezwa mpaka mwezi wa sita.

Mpangilio wa leo, majuma mawili kisha matatu, ulikaa imara kuanzia 1969. Ni wa zamani, ndiyo, lakini mashindano yenyewe yana umri mkubwa kuupita.

Mwaka 2020, kila kitu kiligeuka

Jaribio kubwa la wakati wetu lilikuja bila kupangwa. Ugonjwa wa Covid ulipofunga viwanja, Belmont ilikuja ya kwanza, tarehe 20 mwezi wa sita, tena ilikatwa mpaka karibu metre 1,800. Derby ilihamishwa kutoka mwezi wa tano mpaka tarehe 5 mwezi wa tisa. Preakness ikawa ya mwisho, tarehe 3 mwezi wa kumi. Majuma matano yakageuka kuwa miezi zaidi ya mitatu.

Kwa farasi, matokeo yake yalikuwa haya. Nadal, farasi aliyekuwa hajashindwa hata mara moja katika mbio zake nne, alishinda Arkansas Derby tarehe 2 mwezi wa tano, siku ileile Kentucky Derby ilipaswa kufanyika. Majuma machache tu kisha akavunjika mguu, mbio zake zikaishia hapo. Tiz the Law alishinda Belmont mwezi wa sita, na Derby ilipofika, watu walimpa nafasi ya kwanza. Lakini miezi hiyo yote, Authentic alikuwa anakomaa. Mwezi wa sita alikuwa ameshindwa California. Mwezi wa tisa akamshinda Tiz the Law kwenye Derby. Mwezi wa kumi, Swiss Skydiver, farasi jike, akamshinda Authentic kwenye Preakness kwa tofauti ya shingo.

Mashindano matatu, washindi watatu mbalimbali. Farasi wa miaka mitatu ni kama kijana anayeongezeka urefu: ukimpima mwezi wa tano na ukimpima mwezi wa tisa, si mtu yule yule. Kubadilisha kalenda kunampa mmoja nafasi ya kukomaa na kumnyang'anya mwingine siku zake nzuri.

Mashabiki hawakuona hayo kwa macho yao. Wakati wa Derby ile, viti vya Churchill Downs vilikuwa vitupu.

Kile mashabiki wanapoteza

Shabiki naye ana hesabu yake. Mwaka 2004, Smarty Jones alifika Belmont akiwa ameshinda mbili za kwanza. Watu zaidi ya 120,000 walijaa kiwanjani, na wakamuona akishindwa kwenye metre za mwisho. Mwaka 2016, wakati hakukuwa farasi mwenye nafasi ya Mataji Matatu, walikuja karibu 60,000 tu. Nusu ya watu ilibaki nyumbani.

Kwa hiyo mshindi wa Derby akiikataa Preakness, anayepoteza si kiwanja cha Baltimore peke yake. New York nayo inapoteza, hoteli zinapoteza, na wenye kucheza pari wanapoteza farasi waliyekuwa wamemzoea. Ilitokea 1985, Spend a Buck alipofuata pesa nyingi za mashindano mengine New Jersey. Ikatokea 2022 na Rich Strike, farasi ambaye hakuna aliyemtegemea: mtu aliyeweka dola 2 juu yake kwenye Derby alirudishiwa dola 163 na kitu. Mwaka 2023, katika farasi wote waliokimbia Derby, ni mshindi tu, Mage, aliyekwenda Preakness.

Kuna lalamiko lingine la zamani. Farasi anayejaribu kushinda yote matatu anafika Belmont amechoka, na anakuta wengine waliobaki nyumbani wakipumzika. Mwaka 2014, California Chrome aliposhindwa hapo, mmoja wa wenye kummiliki alisema kwa hasira mbele ya kamera kama jambo hilo si haki.

Kusogeza ao kuacha

Mwaka 2023, wasimamizi wa Preakness walileta wazo la kuisogeza mpaka majuma manne nyuma ya Derby. Watu wa New York walijibu kwamba wana mashaka. Sababu yao inaeleweka: Preakness ikisogea, Belmont nayo italazimika kusogea, mpaka iingie kwenye siku za mashindano mengine makubwa ya mwezi wa saba na wa nane. Hakuna mkubwa mmoja anayeamuru wote. Kila kiwanja kina wakubwa wake, mikataba yake ya televisheni na hesabu yake ya pesa.

Wenye kutaka mabadiliko wanasema farasi wazuri watarudi Baltimore na hatari itapungua. Wenye kukataa wanasema ugumu ndio thamani yenyewe: ukirahisisha, mshindi wa kesho hatalingana na Secretariat wa 1973.

Mwaka 2025 wenyewe uliwapa wote wawili kitu cha kusema. Journalism alikwenda Preakness bila Sovereignty, akashinda. Majuma matatu kisha wakakutana Belmont, na Sovereignty, aliyekuwa amepumzika, akamshinda kwa urefu wa farasi watatu. Mwezi wa nane akashinda Travers kwa urefu wa farasi kumi. Kocha Mott hakuwa amekosea. Lakini Journalism, aliyekimbia yote matatu, hakuanguka: mwezi wa saba alishinda Haskell, mashindano mengine makubwa.

Na ile Belmont haikufanyika Belmont. Kiwanja kilikuwa kinajengwa upya, mbio zilihamishiwa Saratoga na kupunguzwa mpaka karibu metre 2,000. Kwa hiyo hata wale wanaolinda desturi tayari wanaishi na desturi iliyobadilika.

Sovereignty alishinda mashindano mawili kati ya matatu, na yule aliyeshinda la katikati alimshinda mara zote mbili walizokutana. Kama angekwenda Baltimore, labda angekuwa farasi wa 14. Labda pia angechoka, asishinde Belmont wala Travers. Mashabiki watabishana juu ya hilo miaka mingi, na kalenda ikibaki vile ilivyo, kocha atakayeshinda Derby nyingine atakuwa na siku chache tu za kujibu swali lilelile.